Soketi Safi Kwenye Lori Chafu

Mlinzi wa yadi ya Kiptum aliwaona wakifika, akalitazama gari la polisi kutoka taa hadi magurudumu, kisha akaendelea kutafuna mahindi yake ya kuchoma. Inspekta Wilkista Owino akapiga honi tena. Mlinzi akageuza gunzi, akatafuta upande ambao haujaliwa. Lazima alikuwa ameambiwa, maana hakuna mlinzi wa Boito anayewachelewesha polisi kwa akili yake mwenyewe.

Koplo Lenah, aliyekuwa kwenye usukani, aliuliza kama ashuke amfungue macho. Wilkista akasema amwache. Akimaliza hilo hindi atakosa kisingizio. Kweli alimaliza, akafuta mkono kwenye suruali, akaja kufungua geti taratibu kama mtu anayefungulia ng'ombe wa jirani.

Nyuma ya mapipa ya mafuta ndipo lilipokuwa lori walilokuja kulitazama. Kazi yake ilikuwa kubeba majani ya chai kutoka vituo vya kununulia hadi kiwandani, mpaka lilipoacha barabara kwenye mteremko wa Boito likabiringika hadi katikati ya chai ya watu. Kipkemoi, karani wa kununua majani, alikuwa kwenye kiti cha abiria, na alifia hapo hapo. Dereva, Bethwel, alitoka na mkono uliovunjika. Sasa yuko seli, na kesho asubuhi atasimama kortini kwa kumuua mwenzake kwa kuendesha ovyo.

Bethwel alikuwa na neno moja tu tangu siku ile: breki zilikataa, na alishamwambia Kiptum, mwenye lori, zaidi ya mara moja kwamba zinataka kukataa. Kiptum akasema hajaambiwa kitu. Halafu akaleta karatasi. Fundi wake, Mureithi, alikuwa amechomeka mashine kwenye lori jioni ile ile ya ajali, na mashine ikasema lori lilikuwa kwenye kilomita tisini na sita kwa saa na breki hazina neno. Basi, mambo yakaisha. Kati ya dereva na mashine hakimu ataamini nani? Mashine hainywi chang'aa.

Wenyeji walishaamini. Bethwel na Kipkemoi walikaa menjo moja, kibanda cha jando, wakatahiriwa pamoja, wakatoka wanaume siku moja, na kumuua mtu wa menjo yako kwa ujeuri wa mguu ni jambo ambalo huku halisemwi kwa sauti. Vijana wa ukoo wa marehemu waliingia na mapanga kwenye shamba la Bethwel wakafyeka chai yake. Mkewe, Rodah, alikimbilia kwao na watoto. Korti ikimfunga, Bethwel hatakuwa na pa kurudi hata siku akiachiliwa.

Wilkista hakuipenda ile karatasi kwa sababu moja ndogo. Boito kuna mafundi tele. Kwa nini Kiptum, siku ya msiba, aende kumtoa fundi Chepseon, huko upande wa pili wa Kericho? Juzi alikuwa amempigia Mureithi simu, akamwambia anataka kuona kwa macho yake mashine ikiingia kwenye lori hilo. Mureithi akasema vizuri, lakini aje leo. Jana angekuwa na kazi.

Fundi mwenyewe alikuwa tayari kwenye kabini, amechuchumaa chini ya usukani. Alikuwa mwembamba, na ovaroli yake ilikuwa imepigwa pasi, kitu ambacho Wilkista hakuwa amewahi kukiona mwilini mwa fundi. Mkononi alishika mashine yake, kitu cha ukubwa wa redio ndogo, chenye waya mnene na plagi mwishoni. Chini ya dashibodi kulikuwa na soketi, kijisanduku cha plastiki nyeusi chenye matundu kumi na sita. Hapo ndipo fundi huchomeka mashine ili gari liseme linaumwa wapi.

Mureithi akasukuma plagi. Ikaingia kwa mlio mdogo.

"Umeona, madam? Imeingia. Umeridhika?"

"Iwashe."

"Niwashe na nini? Betri zilipasuka kwa ajali. Hii lori imekufa."

"Lakini jioni ile ilisoma."

"Jioni ile betri ilikuwa na nguvu kidogo. Ikaisha." Alichomoa plagi na kuanza kukunja waya. "Hata wewe ukizeeka nguvu zinaisha."

Wilkista alimwacha afurahie neno lake. Akamuuliza kama soketi hiyo ndiyo iliyokuwapo siku ya ajali. Mureithi akajibu ndiyo hiyo hiyo, aliifunga yeye mwenyewe wakati wa Pasaka, maana ya zamani ilikuwa imelegea. Alijibu upesi mno, kama mwanafunzi aliyekariri.

Inspekta akapanda kabini, akainama na tochi. Kila kitu chini ya dashibodi kilikuwa na madoa: pedali, zulia la mpira, waya, hata vyuma vya juu ambako mguu haufiki. Yalikuwa madoa ya kijivu yaliyokauka na kupasukapasuka, yenye chembe nyeusi ndani. Akadhani ni majivu ya sigara yaliyoloa. Akauliza kama Bethwel huvuta.

"Sana," alisema Mureithi. "Huyo ni bomba la jikoni. Hayo ni majivu yake."

Lenah alikuwa amesimama mlangoni. Alinyoosha mkono, akakwangua doa moja kwa ukucha, akanusa. Uso wake ukabadilika kidogo.

"Hii si majivu, madam. Ni mursik."

Wilkista alikuwa amekaa Bomet muda wa kutosha kunywa mursik kwenye kila harusi aliyoalikwa na nyingine ambazo hakualikwa. Aliyajua yale maziwa ya kugandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, na zile chembe nyeusi zinazobaki kwenye mdomo. Lakini hakuwa ameyaona yamekauka kwenye chuma. Mureithi akacheka kwa pua, akasema maziwa gani, hilo ni vumbi la breki. Kumbe! Majivu yalikuwa yamegeuka vumbi la breki kabla tochi haijazimwa.

Akairudisha tochi kwenye soketi. Waya zilizoingia nyuma yake zilikuwa na madoa. Chuma kilichoishikilia kilikuwa na madoa. Soketi yenyewe ilikuwa safi kama sahani ya mgeni, juu, pembeni na ndani ya kila tundu. Wilkista akaipiga picha, akaipindua mashine ya Mureithi na kupiga picha ya maandishi ya nyuma yake pia, akashuka bila kusema kitu. Alikuwa na hasira, lakini hasira hajawahi kuipeleka kortini.

Kiptum alikuwa amefika. Alisimama kando ya pikapu yake, kofia ya ngozi kichwani, mikono nyuma. Hakusalimia. Alimwambia inspekta kwamba watu wa Boito wamezika, wamelia, wanataka haki, na yeye anacheza na waya.

"Wewe si wa huku," alisema. "Kesho Bethwel anaenda kortini. Keshokutwa tutaona na wewe unaenda wapi."

"Nikienda, nitapita hapa kukuaga," alisema Wilkista.

* * *

Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamekaa kwenye nyasi, na vikombe vya chai mikononi. Lenah alitangulia, akasema "Chamgei" kwa heshima yote aliyofundishwa na mama yake. Hakuna aliyejibu. Kwa Mkipsigis, salamu kurudi mikononi mwako hivyo ni afadhali upigwe kofi, na Lenah alisimama pale macho yamelowa, mtoto wa Sigor aliyekataliwa na watu wake mwenyewe.

Mjane, Phyllis, aliwatazama kutoka kizingitini. Nyuma yake alisimama shemeji yake, Arap Sitonik, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu wa maneno machache ambaye ndiye anayesikilizwa na vijana wenye mapanga.

"Nyinyi ndio mnamtetea Bethwel," alisema Phyllis.

Wilkista alisema hamtetei mtu. Ana swali moja, kisha ataondoka. Je, siku ile Kipkemoi alikuwa amebeba mursik?

Mwanamke mmoja akaweka kikombe chini. Phyllis alipoanza kuongea sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia asirushe kitu. Alisema ndiyo. Kulikuwa na koito ya binti wa shemeji yake, wazee wanaenda kuzungumza posa, na kibuyu kilikuwa chake, alikisugua mkaa mwenyewe na kukifunga mwenyewe. Kipkemoi angeshuka kiwandani aendelee nacho. Alikataa kukilaza sakafuni pamoja na magunia. Alisema kibuyu cha koito hakilazwi, atakishika magotini.

"Kikarudi vipande," alisema. "Nguo zake zilirudi na damu na maziwa, na nilizifua mimi. Mume wangu amekufa, unakuja kuniuliza maziwa?"

Wilkista aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfukua mtu kidonda bila dawa mkononi. Lakini alikuwa ameshafika.

"Mama, pole. Nauliza kwa sababu maziwa hayo yalimwagika kila mahali chini ya dashibodi, isipokuwa mahali pamoja. Nataka kujua kwa nini."

Phyllis akageuka akaingia ndani. Arap Sitonik alibaki mlangoni akimtazama inspekta, kama mtu aliyeongezwa mzigo asioutaka. Wakaondoka, na hata mbwa hakuwasindikiza.

Barabarani Wilkista aliliweka jambo mezani. Lori lilipobiringika, kibuyu kilipasuka, na mursik ikaruka hadi chini ya usukani. Soketi iliyokuwapo wakati huo lazima ilichafuka kama majirani zake. Hii safi imefungwa baadaye. Mureithi amedanganya kuhusu Pasaka.

"Labda aliifuta tu," alisema Lenah.

"Afute ndani ya matundu kumi na sita, aache waya unaoingia nyuma yake? Huyo amebadilisha. Swali ni kwa nini. Soketi ya zamani ilimkosea nini?"

* * *

Duka la Nyaguthii lilikuwa Kericho mjini, spea za magari kutoka sakafuni hadi darini na wavu wa chuma kati ya mteja na mwenye duka. Nyaguthii alikuwa mama wa miwani ya kamba, mzaliwa wa Nyeri aliyeuza spea Kericho tangu mumewe akiwa hai. Aliitazama picha ya soketi kwenye simu ya Wilkista, akairudisha chini ya wavu.

"Mimi nauza spea. Siuzi ushahidi."

Lenah alifungua mdomo, Wilkista akamkanyaga mguu. Akatoa pochi. Akasema sawa, basi yeye ni mteja, anataka soketi ya mashine ya kupimia gari.

"Ya gari gani?"

"Soketi si soketi tu? Zote zina matundu kumi na sita."

Hapo ndipo alipompata. Mfanyabiashara anaweza kumnyamazia polisi mchana kutwa, lakini mteja mjinga hawezi kumvumilia. Nyaguthii alivuta droo, akaweka soketi mbili juu ya kaunta, akaziweka ubavu kwa ubavu. Akasema atazame vizuri, asije akarudi hapa kulia. Zote zina matundu kumi na sita, ndiyo, na umbo ni moja. Lakini hii ni ya gari ndogo, ya volti kumi na mbili, na kati ya safu mbili za matundu kuna mfereji mmoja mrefu usiokatika. Hii nyingine ni ya lori, volti ishirini na nne, na mfereji wake umekatwa katikati na kijidaraja cha plastiki.

"Hicho kijidaraja kazi yake nini?"

"Ni cha kuwazuia watu kama wewe." Nyaguthii alichukua plagi ya mashine ya gari ndogo, akaisukuma kwenye soketi ya lori. Ikagota. Akaisukuma kwa nguvu. Ikagota. "Mashine ya gari ndogo haiingii kwa lori. Mashine ya lori ndiyo inaingia kote. Walitengeneza hivyo makusudi. Lori ina betri mbili zimeshikanishwa. Ukiipatia hii mashine moto wa lori, ni kama kumlisha mtoto wa kunyonya githeri."

"Na mtu akifunga soketi ya gari ndogo kwenye lori?"

"Plagi itaingia vizuri kabisa. Siku akiweka betri, mashine inaungua."

Wilkista alitoa simu tena, safari hii akaonyesha picha ya maandishi nyuma ya mashine ya Mureithi. Nyaguthii alivaa miwani sawasawa akasoma. Volti kumi na mbili tu, alisema. Mashine ya saloon. Mara akaitambua mashine, na akairudisha simu upesi chini ya wavu.

Basi picha nzima ikawa mbele ya Wilkista, na haikuwa nzuri. Mashine ile haikuweza kuingia kwenye soketi halisi ya lori jioni ya ajali, hata kwa maombi. Ile karatasi ya kilomita tisini na sita ilitoka kwenye gari lingine. Inspekta aliposema anataka kuona mashine ikiingia, Mureithi akajua itagota mbele yake, ndipo akafunga soketi ambayo haitagota.

Akamuuliza Nyaguthii ni nani aliyenunua soketi ya gari ndogo jana.

"Mureithi ni mtu wa kwetu," alisema Nyaguthii. "Mama yake na mama yangu wameimba kwaya moja. Unataka mimi ndiye nimfunge?"

"Kuna mtu mwingine anafungwa kesho. Na yeye ana mama."

Nyaguthii aliziokota soketi zake mbili, akazirudisha kwenye droo, akaifunga kwa kishindo. Akasema jana alipokuwa anafungua duka Mureithi alikuwa mlangoni. Alimuuliza ni ya gari gani, maana yeye humuuliza kila mtu. Akamwambia auze, asihubiri. Sasa wamesikia, na watoke. Hataandika hayo mahali popote, na wakimpeleka kortini atasema hawajui.

"Sitakuomba uandike," alisema Wilkista. "Niazime betri mbili za lori."

Mama huyo alimtazama muda mrefu. Halafu, kwa hasira ile ile, akafungua mlango wa wavu.

* * *

Waliporudi Boito mvua ya mchana ilikuwa imeanza, na mara hii geti lilikuwa wazi. Kiptum alikuwa amejiandaa. Kando ya ua walisimama wanaume wa ukoo wa Kipkemoi, makoti ya mvua mabegani na mapanga ya chai mikononi, na Arap Sitonik mbele yao. Mlinzi alisimama nao, hana mahindi safari hii. Kiptum alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba amewaita ili waone wenyewe jinsi polisi wanavyotafuta njia ya kumtoa muuaji.

Kijana mmoja akatema mate karibu na kiatu cha Lenah. Lenah akaendelea kubeba betri. Akafunga ya kwanza, akafunga ya pili, akaziunganisha kama alivyoonyeshwa dukani, akageuza ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka, nyekundu na za manjano, kwenye lori ambalo asubuhi lilikuwa limekufa. Mureithi alizitazama taa zile kama mtu aliyeona mdai wake mlangoni.

"Sasa ina nguvu," alisema Wilkista. "Soketi ndiyo hiyo hiyo uliyotumia siku ya ajali, umesema. Mashine ndiyo hiyo. Chomeka, isome tena. Ikisema tisini na sita, mimi naondoka na sirudi."

Mureithi akasema kunanyesha. Wilkista akamwonyesha kwamba kabini ina paa. Fundi akasema waya wa mashine umeanza kukatika. Asubuhi ulikuwa mzima, akakumbushwa. Akasema si lazima, karatasi ipo, karatasi ni ya kisheria. Wanaume wa ukoo walikuwa wameanza kutazamana. Hawakuelewa habari ya soketi, lakini mtu anayekwepa wanamjua, maana wote wamewahi kununua ng'ombe sokoni.

Kiptum aliona macho yao. Yeye alijua karatasi ni ya uongo, alikuwa ameiagiza yeye, lakini mambo ya volti hakuyajua. Alichojua ni kwamba fundi wake alimwambia jana kwamba tatizo la kuingia limekwisha, na sasa fundi huyo huyo anamwaibisha mbele ya watu aliowaita mwenyewe. Alimnyang'anya mashine.

"Lete hapa. Wewe ni mwanamume gani? Kuchomeka tu kunakushinda?"

Akapanda kabini kwa pumzi nzito, akainama, akatafuta soketi kwa kidole. Plagi ikagusa plastiki.

"Usichomeke!" Mureithi alipiga kelele. "Itaungua!"

Mkono wa Kiptum ukabaki pale pale. Mvua ilisikika juu ya paa la kabini.

Mureithi alifunika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka na kila mtu alikuwa amelipokea. Arap Sitonik akaacha ua, akaja polepole mpaka mlangoni mwa lori. Hakumtazama inspekta. Alimtazama fundi.

"Kama inaungua leo," aliuliza, "siku ile ilisoma nini?"

Wilkista akajibu badala ya Mureithi, kwa maneno machache, bila kupandisha sauti. Mashine hii haikusoma lori hili siku yoyote. Soketi ya siku ya ajali isingeikubali, kwa hiyo imetolewa jana. Akamwambia mzee aingize kichwa aone mwenyewe mursik ya kibuyu cha koito ya binti yake, ilivyoruka kila mahali, na kile kitu kimoja kisicho na tone.

Arap Sitonik aliinama. Alipogusa waya, chembe nyeusi zilibaki kwenye kidole, na alizitazama kama anatafuta kitu cha kusema kwa mdogo wake. Halafu akauliza soketi ya zamani iko wapi. Mureithi, machozi yakimtoka bila aibu, akaonyesha kwa kidevu pipa la vyuma chakavu. Lenah akapekua mpaka kwenye kiwiko, akaitoa: nyeusi, imegandiwa na maziwa ya kijivu, na kijidaraja chake katikati.

"Yeye ndiye alinituma," alisema Mureithi. "Nilisoma pikapu yake, tukiiendesha kwa lami. Breki za lori hakutaka mtu azisome. Alijua zina nini. Bethwel alimwambia mbele yangu."

Kiptum alishuka kabini, akaanza kusema habari ya wakili. Akatembea kuelekea kwenye pikapu yake. Mlinzi alikuwa ameshafika getini kabla yake, akalifunga, akatia kufuli, akasimama akiutazama ufunguo mkononi kama ambaye hajui umefikaje pale.

Wilkista alimwambia Lenah ampigie mkuu wa kituo, Bethwel asipelekwe kortini kesho, na walete gari la pili haraka. Alimfunga Mureithi pingu yeye mwenyewe. Kisha akaenda kusimama mbele ya Kiptum, mgongo wake ukimgusa kwenye koti, maana wanaume walikuwa wameanza kusogea na hakuna aliyekuwa ameweka panga chini. Hakutaka kumlinda. Alitamani kusogea hatua moja tu kando, na hilo lilimtisha kuliko mapanga.

Arap Sitonik aliwasimamisha kwa mkono. Alionekana amezeeka pale pale.

"Tumefyeka chai ya mtu bure," aliwaambia.

Mvua iliendelea. Upande wa pili wa ua, kuteremka mpaka mtoni, ilikuwa chai ya Kiptum, imekatwa sawasawa, kijani, ekari baada ya ekari, na mmoja baada ya mwingine wanaume waligeuza nyuso zao kuitazama.

"Hapana, mzee," alisema Wilkista. "Nakuomba."

Arap Sitonik alikuwa bado hajashusha mkono wake.